Aksiomu ni nini, na nani kasema haihitaji ushahidi?

Penye ubishi mkali hapakosi mtu wa kusema, "Hilo liko wazi, halihitaji ushahidi." Aliyesoma zaidi huipandisha cheo kauli yake na kuiita aksiomu. Wa upande wa pili naye hujibu kwamba hata moja jumlisha moja kuwa mbili ni mapatano ya watu tu, basi kila mtu abaki na ukweli wake. Wote wawili wamelishika neno kwa mkia. Wa kwanza anadhani aksiomu ni kibali cha kutoulizwa. Wa pili anadhani kitu kilichokubaliwa bila uthibitisho kimebuniwa tu, na kingeweza kubuniwa vyovyote.

Tuanze na maana. Aksiomu ni kauli inayokubaliwa bila kuthibitishwa ili itumike kuthibitishia kauli nyingine. Uzito wa fasili hiyo uko kwenye neno "ili". Kauli isiyotumika kujengea chochote si aksiomu, hata iwe wazi kama jua la saa sita. Kauli inayopatikana kutoka kwenye aksiomu kwa hatua za mantiki, moja baada ya nyingine, huitwa thioremu. Fasili yenyewe ni jambo jingine: haidai kitu kuhusu dunia, inaeleza tu kwamba tukisema neno fulani tunamaanisha hivi. Nadharia tete nayo ni dai linalosubiri kupimwa, na likishindwa kwenye vipimo linaachwa. Vitu hivi vinne huchanganywa kila siku, na sehemu kubwa ya ubishi huisha mara tu mtu anaposema kauli yake ni ipi kati ya hivyo.

Kwa nini ziwepo kauli zisizothibitishwa? Kwa sababu uthibitisho lazima uanzie mahali. Ukiambiwa jambo fulani ni kweli na ukadai sababu, utapewa kauli ya pili. Ukidai sababu ya hiyo ya pili, utapewa ya tatu. Safari hii ina njia tatu tu. Ama sababu haziishi, na hapo hakuna kilichothibitishwa. Ama zinazunguka na kurudi kwenye kauli ya kwanza, yaani dai limejishuhudia lenyewe. Ama mtu anasimama mahali na kusema, hapa ndipo tunapoanzia. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 KK, aliliona hili vizuri, akaeleza kwamba kudai uthibitisho wa kila kitu ni ukosefu wa elimu. Mfano wake mkubwa ulikuwa kanuni ya kutokinzana: kitu kimoja hakiwezi kuwa na sifa fulani na kutokuwa nayo kwa wakati mmoja na kwa upande ule ule. Hakujaribu kuithibitisha. Alichosema ni kwamba anayeikana akifungua tu kinywa na kutamka neno lenye maana moja na si nyingine, ameshaitumia. Akinyamaza, hakuna wa kujadiliana naye.

Aristotle alilitumia neno hili kwa kazi ya kitaaluma, lakini hakulitunga. Kwenye Kigiriki lilikuwa neno la mtaani. *Axios* maana yake ni "mwenye kustahili", na kwa asili linahusiana na mizani: kitu chenye uzito unaolingana na kingine, kinachostahili bei yake. Kutokana nalo kikaja kitenzi cha kuona kwamba kitu kinastahili, kisha jina *axioma*: kile kilichoonekana kinastahili. Kwa hiyo *axioma* ilikuwa kwanza heshima, hadhi au cheo cha mtu. Maana hiyo haijafa. Kwenye Kigiriki cha leo ofisa wa jeshi huitwa *axiomatikos*, mwenye cheo. Na katika makanisa ya Kiorthodoksi, ambayo yapo pia Kenya, Uganda na Tanzania, padri anapowekwa wakfu waumini huitikia "Axios!", yaani anastahili.

Angalia basi kilichomo na kisichokuwemo katika asili hii. Hakuna "wazi", hakuna "dhahiri", hakuna "isiyopingika". Kuna kustahili, na penye kustahili pana mtu aliyepima na kuridhika. Wanafalsafa wa Kistoa walilitumia neno hilo hilo kwa maana pana zaidi: kwao *axioma* ilikuwa kauli yoyote inayoweza kuwa kweli au uongo, hata "kumekucha". Waandishi wa Kilatini wa Zama za Kati walipolitafsiri waliandika *dignitas*, hadhi. Waarabu wa leo wana maneno mawili. *Badihiyya* ni jambo linalojia akilini papo hapo bila kutafakari. *Musallama* ni jambo lililokabidhiwa, lililokubaliwa bila kushindania, na mzizi wake ndio ule ule tulionao katika "kusalimu amri". Maneno hayo mawili yanaonyesha vizuri mvutano wote wa mada hii: je, tunaanzia hapa kwa sababu akili inaona yenyewe, au kwa sababu tumekubali kuachia?

Euklidi wa Aleksandria hakulitumia neno aksiomu katika kitabu chake cha jiometri kilichoandikwa yapata mwaka 300 KK, angalau si katika matini iliyotufikia. Alianza na fasili 23: nukta ni nini, mstari ni nini, duara ni nini. Kisha akaweka mafungu mawili ya kauli zisizothibitishwa, matano kwa matano. Fungu moja aliliita "fikra za wote". Humo mna kauli kama hizi: vitu viwili vikilingana na cha tatu, vinalingana vyenyewe, ukiongeza vilivyo sawa kwenye vilivyo sawa, jumla zitakuwa sawa, kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake. Hizo zinafaa katika kila fani, kuanzia hesabu hadi biashara ya nafaka. Ndizo ambazo mfafanuzi wake, Proclus, katika karne ya 5 BK, aliziita aksiomu.

Fungu la pili aliliita kwa neno lenye maana ya "maombi". Ni kama mwalimu anayemwambia mwanafunzi: naomba unikubalie haya, ndipo tuendelee. Niruhusu kuchora mstari mnyoofu kutoka nukta yoyote hadi nyingine. Niruhusu kuurefusha. Niruhusu kuchora duara lenye kitovu popote na nusukipenyo chochote. Nikubalie kwamba pembe mraba zote ni sawa. Matatu ya kwanza ni rula na bikari. Hayaelezi ukweli, yanaomba ruhusa ya kufanya kazi.

Ombi la tano ndilo lililosumbua watu kwa zaidi ya miaka 2,000. Linasema: mstari mmoja ukikata mistari miwili, na pembe mbili za ndani za upande mmoja zikiwa pungufu ya pembe mraba mbili, basi mistari hiyo miwili ikirefushwa itakutana upande huo. Wengi tumelisoma kwa sura nyepesi iliyoenezwa na John Playfair mwaka 1795: kupitia nukta iliyo nje ya mstari, unaweza kuchora mstari mmoja tu ulio sambamba nao.

Kasoro yake ni ipi? Kwanza, ni refu na halionekani kwa jicho. Pembe zikipungua kwa kiasi kidogo mno, mistari itakutana mbali kuliko karatasi yoyote, na hakuna atakayefika huko kuhakikisha. Pili, Euklidi mwenyewe alionekana kulikwepa: alithibitisha kauli 28 za kitabu chake cha kwanza bila kuligusa, akalitumia kwa mara ya kwanza kwenye ya 29. Wasomaji wakasema hili si la kuombwa, hili ni thioremu, lithibitishwe kutokana na manne yaliyotangulia.

Walijaribu vichwa vikubwa. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, alichukua mstari mfupi uliosimama wima juu ya mwingine, akausogeza ukiwa wima vile vile, akasema ncha yake ya juu inachora mstari mnyoofu. Omar Khayyam alimkatalia: mwendo umeingiaje kwenye jiometri? Tena, nani kasema njia ya ncha hiyo ni mnyoofu? Khayyam akajaribu kwa njia yake mwaka 1077, naye Nasir al-Din al-Tusi katika karne ya 13. John Wallis wa Uingereza, mwaka 1663, alidhani amefaulu kwa kukubali kwamba pembetatu yoyote inaweza kukuzwa bila kubadili umbo. Kosa lilikuwa lile lile kila mara, na ndilo la kuliangalia kwa makini katika mjadala wowote: kila mmoja aliingiza kauli iliyoonekana haina madhara, kumbe ni ombi la tano lenyewe kwa nguo nyingine. "Njia ya ncha ni mnyoofu", "pembetatu zinakuzika", "jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180": ukikubali mojawapo umeshakubali la tano, na ukilikana la tano unazipoteza zote.

Mjesuiti Girolamo Saccheri alikwenda upande wa pili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alilikana ombi la tano kwa makusudi, akitegemea kwamba mkinzano utajitokeza na kumaliza kesi. Alipata thioremu za ajabu, moja juu ya nyingine, lakini mkinzano haukuja. Mwishowe akatangaza kwamba matokeo hayo yanakirihi hali ya mstari mnyoofu, akafunga kitabu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sura ya kusikitisha kuliko zote katika historia hii: alikuwa ameshaingia katika jiometri mpya, akaikataa kwa sababu haikumpendeza. Karibu miaka 100 baadaye Nikolai Lobachevsky wa Kazan, Urusi (1829) na János Bolyai wa Hungaria (1832), kila mmoja kwa upande wake, waliikubali. Katika jiometri yao, kupitia nukta iliyo nje ya mstari hupita mistari isiyo na idadi ambayo haikutani nao, na pembe za pembetatu hazifiki 180. Mwaka 1868 Eugenio Beltrami alionyesha kwamba jiometri hiyo ikiwa na mkinzano, basi ya Euklidi nayo inao. Zinasimama pamoja au zinaanguka pamoja.

Upande mwingine wa jambo hili unaweza kuufuata kwenye ramani ya dunia. Ikweta inapita Kayabwe, Uganda, na Nanyuki, Kenya. Kati yake kuna takriban nyuzi 5 za longitudo, ambazo pale Ikweta ni kama kilomita 556. Wasafiri wawili waanze safari kutoka miji hiyo, kila mmoja akielekea kaskazini moja kwa moja, asipinde kulia wala kushoto. Kila njia inakata Ikweta kwa pembe mraba kamili. Kwenye karatasi, njia hizo ni sambamba na zitabaki kilomita 556 milele. Juu ya dunia, wakifika nyuzi 60 kaskazini, ndani ya Urusi, watakuwa wameachana kwa kilomita 278 tu, na kwenye Ncha ya Kaskazini watagongana. Sasa chukua pembetatu kubwa zaidi: Nanyuki, mji wa Macapá wa Brazil ambao nao uko juu ya Ikweta, na Ncha ya Kaskazini. Pembe mbili za chini ni nyuzi 90 kila moja. Ya juu ni tofauti ya longitudo, karibu nyuzi 88. Jumla ni 268.

Hapo msomaji makini atauliza: njia hizo ni mistari minyoofu kweli, au ni tao? Ni swali zuri, na jibu ni kwamba "mnyoofu" juu ya tufe maana yake ni njia fupi kuliko zote bila kuacha uso wa tufe. Ukikubali maana hiyo, mistari sambamba haipo kabisa. Lakini hata maombi mengine ya Euklidi yanahitaji marekebisho, kwa sababu mstari wa juu ya tufe haurefuki bila mwisho bali unarudi ulikoanzia, na kati ya ncha mbili za dunia kuna njia fupi nyingi zinazolingana. Huwezi kung'oa aksiomu moja ukategemea nyingine zibaki zilivyo bila kuzikagua. Mwaka 1854 Bernhard Riemann alifungua mlango wa jiometri za kila namna ya mpindo, na mwaka 1915 Albert Einstein alijenga juu yake nadharia yake ya mvutano. Saa za setilaiti zinazoiongoza simu yako barabarani hukimbia zaidi ya saa za ardhini kwa kama sehemu 38 za milioni za sekunde moja kwa siku, na mahesabu ya nadharia hiyo ndiyo yanayozirekebisha.

Basi ipi ni kweli, ya Euklidi au ya Lobachevsky? Swali hili limewapotosha wengi, na njia rahisi ya kulinyoosha ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kisha hunamua, yaani huziingiza za mkononi ubaoni moja moja. Bao la kujifunza hutumia ubao ule ule na kete zile zile, lakini zote hupangwa mbili mbili kila shimo tangu mwanzo. Hakuna mzee barazani atakayekuambia mpangilio mmoja ni kweli na mwingine ni uongo. Atakuambia ni michezo miwili. Lakini ndani ya mchezo mmoja, baada ya kukubaliana, hakuna tena "kila mtu na ukweli wake": mtaji uliokula umekula, na asiyeona amefungwa. Aksiomu ndizo mpangilio na sheria. Thioremu ni yale yanayofuata hata kama hakuna aliyeyataka. Tofauti iliyopo ni kwamba sheria za bao zilichaguliwa kwa utamu wa mchezo, ilhali aksiomu huchaguliwa pia kwa sababu zinatusaidia kupima mashamba, kujenga madaraja na kurusha setilaiti.

Ndiyo maana tangu mwisho wa karne ya 19 wanahisabati hawaulizi tena kama aksiomu iko wazi. Wanauliza mambo matatu. Je, zinakinzana? Fungu la aksiomu likiruhusu kuthibitisha jambo na kinyume chake, basi kwa mantiki ya kawaida linaruhusu kuthibitisha chochote, na halina faida. Je, kila moja inajitegemea, au kuna ambayo ingepatikana kutoka kwa wenzake? Hilo ndilo lilikuwa swali la ombi la tano. Na je, zinatosha?

Kuhusu kutosha, hata Euklidi aliteleza, tena kwenye kauli yake ya kwanza kabisa. Anataka kuchora pembetatu yenye pande tatu sawa juu ya mstari AB. Weka ncha ya bikari kwenye A, uchore duara inayopita B. Hamishia ncha kwenye B, uchore duara inayopita A. Pale zinapokatana paite C, unganisha, na pembetatu imepatikana. Jicho linaridhika. Lakini rudi kwenye maombi matano na fikra tano: hakuna hata moja inayosema duara hizo zina nukta ya pamoja. Na si ubishi wa bure. Tuseme A iko kwenye (0, 0) na B kwenye (1, 0), na uwanja wetu una nukta zile tu ambazo vipimo vyake ni namba nzima au sehemu. Hapo C haipo, kwa sababu urefu wake kutoka AB ni nusu ya kipeuo cha pili cha 3, namba ambayo haiandikiki kama sehemu. Duara zingepishana bila kugusana. Picha ndiyo iliyomjazia Euklidi pengo. David Hilbert, mwaka 1899, aliipanga upya jiometri kwa aksiomu kama 20 ili picha isibaki na kazi yoyote isipokuwa kumsaidia msomaji.

Uwazi umewahi kudanganya vibaya zaidi ya hapo. "Kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake" ni kweli kwa magunia na mashamba. Kwa vitu visivyo na kikomo, inategemea unahesabu vipi: ukioanisha 1 na 2, 2 na 4, 3 na 6, kila namba ya kuhesabia inapata mwenzake mmoja miongoni mwa namba shufwa, hakuna inayobaki. Galileo aliligusa jambo hili mwaka 1638 kwa namba za mraba. Mwaka 1888 Richard Dedekind alilifanya kuwa fasili yenyewe ya kutokuwa na kikomo.

Mfano wa pili ni wa hatari. Inaonekana haina shaka kwamba kila sifa ina seti yake: seti ya vitu vyekundu, seti ya wake wa wafalme, na kadhalika. Gottlob Frege alijenga msingi wa hesabu yote juu ya kanuni iliyoruhusu hilo. Mwezi Juni 1902, juzuu lake la pili likiwa kiwandani, alipokea barua ya Bertrand Russell. Je, seti ya seti zote zisizojijumuisha zenyewe, yenyewe inajijumuisha? Ukisema ndiyo, basi haimo. Ukisema hapana, basi imo. Jengo likapasuka. Frege aliongeza maelezo mwishoni mwa kitabu, akakiri kwamba tangu mwanzo kanuni ile haikuwa na uwazi wa zile nyingine. Ernst Zermelo alitoa aksiomu mpya za seti mwaka 1908, zinazoruhusu kukata seti kutoka kwenye seti iliyokwishapo, si kuizua kutoka hewani.

Sasa turudi kwa yule wa moja jumlisha moja. Katika mfumo wa Giuseppe Peano wa mwaka 1889, kama unavyofundishwa leo, kauli hiyo si aksiomu wala mapatano. Ni thioremu, na uthibitisho wake unaenea kwenye mistari michache. Kila namba ina kinachoifuata. Kifuatacho cha 0 tunakiita 1, na kifuatacho cha 1 tunakiita 2. Kujumlisha kuna kanuni mbili: namba yoyote jumlisha 0 inabaki ilivyo, na namba jumlisha kifuatacho cha nyingine ni sawa na kifuatacho cha jumla ya hizo mbili. Basi 1 + 1 ni 1 jumlisha kifuatacho cha 0. Kwa kanuni ya pili, hicho ni kifuatacho cha 1 + 0. Kwa kanuni ya kwanza, 1 + 0 ni 1. Kwa hiyo tuna kifuatacho cha 1, yaani 2. Anayeleta matone mawili ya maji yaliyoungana kuwa moja anazungumzia matone. Na anayesema kwenye kompyuta 1 + 1 ni 10 anaandika mbili kwa mwandiko mwingine.

Wapo pia wanaolitaja jina la Kurt Gödel kana kwamba mwaka 1931 alithibitisha kuwa hakuna kinachothibitika. Alichothibitisha ni chembamba zaidi: fungu lolote la aksiomu lisilo na mkinzano, linaloweza kuorodheshwa kwa utaratibu wa kimashine na lenye nguvu ya kutosha kubeba hesabu za kujumlisha na kuzidisha, litaacha kauli ambazo haliwezi kuzithibitisha wala kuzikanusha. Vigezo hivyo vina maana. Mojżesz Presburger alishaonyesha mwaka 1929 kwamba hesabu za kujumlisha peke yake, bila kuzidisha, hazina pengo hilo.

Nje ya hisabati neno hili lina maisha mengine. Rasimu ya Thomas Jefferson ya Tangazo la Uhuru la Marekani, mwaka 1776, iliziita kweli zake takatifu na zisizokanushika. Maneno hayo yakakatwa, pakaandikwa kwamba zinajidhihirisha zenyewe. Ya kwanza ni kwamba watu wote wameumbwa sawa, na aliyeiandika alimiliki watumwa. Abraham Lincoln, ambaye alijisomea vitabu sita vya Euklidi akiwa mtu mzima, mwaka 1859 aliandika katika barua kwamba kanuni za Jefferson ni fasili na aksiomu za jamii huru. Miaka minne baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto, alisimama Gettysburg na kuuita usawa huo huo *proposition*, neno ambalo wasomaji wa Euklidi walilijua kuwa la kauli inayosubiri kuthibitishwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilichagua kitenzi kingine. Halisemi ni dhahiri kwamba binadamu wote ni sawa. Linasema TANU *inaamini* hivyo, kisha linajenga siasa yake juu ya hapo. Nadhani huo ni uandishi mwaminifu zaidi. Unamwonyesha msomaji jiwe la msingi lilipo na nani amelilaza.

Mahakamani nako kuna mambo yasiyohitaji ushahidi, na watu huyafananisha na aksiomu. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kinasema jambo ambalo mahakama inalitambua yenyewe halihitaji kuthibitishwa, na kifungu cha 60 kinataja mifano: sheria zilizoandikwa, migawanyo ya kijiografia ya dunia, sikukuu za umma, kanuni ya kupishana barabarani. Lakini hizo ni habari ambazo zingeweza kuthibitishwa. Sheria inaokoa muda tu. Upande ukiomba jambo fulani litambuliwe hivyo, hakimu anaweza kukataa hadi aletewe kitabu au hati ya marejeo. Dhana ya kutokuwa na hatia nayo ni kitu cha aina nyingine: haisemi mshtakiwa hakutenda, inasema upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuonyesha kwamba alitenda, na ushahidi ukitosha dhana hiyo huanguka. Aksiomu haina kitabu cha kuletewa hakimu, wala ushahidi wa kuiangusha ndani ya mfumo wake, labda mkinzano.